Kiboko wa Katoni

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Nilizaliwa upande wa Ogwedhi, ambako siku ya soko barabara hugeuka zizi, na ziwa nililijua kwa kusikia tu mpaka nilipoolewa Rangwe. Hata baada ya kuolewa sikuwahi kumwona kiboko kwa macho yangu. Kwangu alikuwa picha ukutani, mnyama mnene mwenye masikio madogo ya kuchekesha. Kwa hiyo nilipokuwa natafuta mnyama wa wimbo mpya wa watoto wa chekechea, nilimchukua yeye. Ana mdomo mkubwa, ni rahisi kumkata kwenye katoni, na watoto wa miaka mitano hupenda chochote kinachofunuka na kufungika.

Wimbo niliutunga jikoni nikichambua mboga. Darasa linauliza, kiboko anajibu:

"Kiboko, kiboko, una nini mdomoni?"
"Nina nyasi mbichi, nimetoka bondeni."
"Kiboko, kiboko, waenda upande gani?"
"Nimeshiba sasa, narudi majini."

Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia na kila darasa lilitakiwa kuonyesha kitu. Darasa langu halina vifaa vya kununua, vyetu tunaviokota. Tulipata katoni za sabuni dukani. Vifuniko vya soda vikawa macho, na magunzi ya mahindi, yakikatwa vipande, yakawa meno. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa ngano. Rangi ya kijivu tulipata kwa kusaga makaa na kuyachanganya na maji na gundi kidogo, na kufikia saa ya uji hapakuwa na mtoto ambaye mama yake angemtambua. Ziwa lilikuwa magunia niliyoyashona pamoja na kuyapaka rangi ya bluu. Watoto waliyaviringisha kila asubuhi kama mkeka wa wageni.

Kati yao kulikuwa na msichana aliyekuja katikati ya muhula. Mama yake alimleta mkono kwa mkono, akaniambia wametoka kandokando ya ziwa upande wa Homa Bay, na sasa wanakaa kwa kaka yake hapa Rangwe. "Baba yake hayuko," alisema. Neno hilo walimu wa chekechea tunalisikia kila wiki. Baba hayuko, yuko Nairobi. Baba hayuko, ana mji mwingine. Sikuuliza.

Mtoto alikuwa haongei. Hakuwa bubu, niliwahi kumsikia akimwambia mwenzake asogee. Lakini kwangu hakutoa neno. Alikaa karibu na mlango, na mtu akipita nje aligeuka haraka, kama anayehesabu nani ameingia na nani ametoka.

Siku tulipomaliza kichwa cha kiboko niliuliza nani atakuwa kiboko. Wavulana wakarusha mikono juu, wengine miguu. Yeye hakunyoosha mkono. Aliinuka, akaja hadi mezani, akakichukua kile kichwa kwa mikono miwili na kukivaa. Kilimfika mabegani. Ndani yake nikasikia sauti ndogo ikisema, "Mimi."

Nilifurahi mno. Jioni nilimweleza mume wangu tukila, nikarudia mara mbili, "Ameongea! Ameongea peke yake!"

Mazoezi yakaanza. Niliwapanga watoto kwa duara, wameshikana mikono, kiboko katikati, na magunia ya bluu nje ya duara. Mistari ya mwanzo alisema vizuri. Tulipofika mwisho, badala ya kusema ameshiba, alisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia kwake:

"Nipisheni nipite, narudi majini!"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ni 'Nimeshiba sasa.' Sema, nimeshiba sasa."

Tukarudia. Akasema yale yale. Watoto wakacheka, wakakaza mikono kama wanavyokaza kwenye michezo ya duara, asitoke. Hapo yeye akaanza kupiga kelele ndani ya katoni. "Fungueni! Fungueni njia! Atawaua!" Hakusema "nitawaua". Alisema "atawaua". Nilikimbia nikamvua kile kichwa. Uso wake ulikuwa umelowa jasho na machozi, na makaa yamemchora mistari hadi shingoni. Nilimkalisha kwenye mapaja yangu, nikawapa wengine udongo wa kuchezea.

Asubuhi iliyofuata mama yake alinisubiri langoni. Alikuwa ameshika kitu kilichofunikwa na leso. Aliposogea nikaona ni kile kichwa; mtoto alikuwa amekizungushia sweta na kukibeba nyumbani bila mimi kujua.

"Mwalimu, hii kitu ni nini umepatia mtoto wangu?"

"Ni ya wimbo, mama. Ni kiboko."

"Naona ni kiboko." Alinikabidhi bila kukitazama. "Hii haiwezi kulala kwa nyumba yangu. Baba ya huyu mtoto aliuawa na kiboko."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nadhani nilisema pole, na pole tena. Nakumbuka nilikuwa nimekumbatia kile kichwa kifuani na nikatamani kukitupa, lakini kukitupa mbele yake kungekuwa jambo baya zaidi.

"Hukujua," alisema. "Mimi pia sikukuambia. Lakini iondoe."

Nilikiweka juu ya kabati, nyuma ya chati za herufi. Nikawaambia watoto kwamba tumebadilisha, sasa tutaimba kuhusu chura, na yule msichana ndiye atakuwa chura wetu. Nilimtengenezea kofia ya kijani yenye macho ya kutokeza. Nilijitahidi kweli kwa kofia ile. Aliipokea, akaiweka chini ya kiti chake, na kuanzia hapo hakugusa uji. Siku hiyo hakunywa, na iliyofuata hakunywa. Nilikaa naye, nikampulizia kikombe. Alikuwa akitazama juu ya kabati.

Nyumbani niliunguza ugali. Mume wangu, ambaye ni mtu wa huku, aliniambia watu wa ziwani hawamtaji ovyo yule mnyama, na wazee wengine wakisikia jina lake la Kijaluo, *rawo*, likiitwa jioni, hukemea. "Wewe umemtungia wimbo," alisema. Hakuwa ananilaumu. Ila kwangu ilikuwa kama amenilaumu.

Ndipo tukafika siku ya udongo. Huwa nawapa kila mtoto bonge la mfinyanzi wafinyange wanachotaka. Wengi hufinyanga vyungu, mandazi na pikipiki. Nilipopita kwenye kiti chake nilisimama. Alikuwa amefinyanga kiboko. Miguu mifupi, mgongo wa duara, mdomo wazi. Mdomoni alikuwa amepachika nyasi alizozing'oa mlangoni, moja moja, kwa makini sana, nyingine zikaanguka akazirudisha.

Nikachuchumaa. Sikujua kama niulize au ninyamaze. Yeye ndiye aliyeanza.

"Huyu anakula nyasi tu," alisema.

"Naam," nikasema. "Anakula nyasi tu."

"Hataki watu. Anataka kwenda kwao."

Nilimpapasa kichwani, nikaondoka, nikasimama nyuma ya darasa nikijifanya natafuta chaki.

Siku ya soko nilikwenda Rodi Kopany kumtafuta mama yake. Nilijua anauza omena pale, kwenye safu ya akina mama wanaotandaza samaki wao juu ya magunia. Nilimkuta akizichekecha, akitoa mchanga. Aliponiona mikono yake ilisimama.

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nimekuja tu tuongee, mama."

Aliniwekea ndoo niketi juu yake. Nikamweleza kuhusu uji, kuhusu udongo, kuhusu nyasi mdomoni. Nikamweleza pia jinsi alivyobadilisha maneno ya wimbo na jinsi alivyolia duara lilipofungwa. Hapo akaacha kuchekecha kabisa.

"Alisema wafungue njia?"

"Alisema hivyo. 'Fungueni njia, atawaua.'"

Mteja alikuja akapima kwa macho, akaona hahudumiwi, akasogea kwa jirani. Halafu mama akasimulia, polepole, akitazama omena zake.

Walikuwa na bustani ya sukuma wiki karibu na maji. Asubuhi na mapema mume wake alitoka kwenda kumwagilia kabla jua halijakolea. Kiboko alikuwa bado nchi kavu, amechelewa kwenye majani. Mume wake hakumwona. Akasimama kwenye kile kijia chembamba kati ya mimea na ufuo, ndoo mkononi. "Alisimama kati yake na maji," mama alisema. "Kiboko ukiziba njia yake ya maji, haulizi wewe ni nani. Anaogopa. Huyo mnyama mkubwa hivyo, anaogopa." Majirani walipiga kelele kumwambia atoke njiani. Mtoto alikuwa mlangoni mwa nyumba. Alizisikia zile kelele zote.

"Baadaye alikuwa ananiuliza, 'Mbona baba hakumpisha?' Kila siku. Asubuhi, mchana. Sikuwa na jibu, mwalimu. Nikamwambia asiulize tena." Alijifuta uso kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na magamba. "Akaacha kuuliza. Akaacha na kuongea."

Nilimuuliza kama ananiruhusu nimrudishie kile kichwa. Nilimwambia wazi kwamba sijui kama ni vizuri au ni vibaya, kwamba mimi si daktari, mimi ni mwalimu wa kuchora na kuimba. Nilitaka anikatalie, nadhani. Angenikatalia ningelala.

"Afanye," alisema mwishowe. "Lakini mimi sitakuja kuona. Usinisubiri."

Basi nilikishusha kile kichwa kutoka juu ya kabati. Nilibadilisha mchezo: hakuna kushikana mikono, hakuna duara. Watoto walisimama safu mbili, na katikati kukawa na njia pana hadi kwenye magunia ya bluu. Maneno nayo nikayabadilisha yawe kama alivyoyasema yeye. Siku hiyo alikunywa uji wake wote na kuomba mwingine.

Lakini hofu haikuniacha, bali ilihama tu. Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Ni mtu mpole, ila anapokuwa na wasiwasi huchezea funguo zake, na siku hiyo alikuwa anazichezea.

"Madam, huo wimbo una maneno. Kuna mzazi amenipigia simu. Anasema mtoto wa marehemu anavalishwa yule aliyemuua baba yake. Mbele ya watu."

"Mama yake ameniruhusu."

"Mama yake ni mmoja. Uwanja utakuwa umejaa." Aliweka funguo mezani. "Kama ataanguka pale? Kama atalia, tutafanya nini? Imba chura. Chura hana shida na mtu."

Kila alichokisema nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe nikiteka maji, nikifua, nikivuka barabara. Nilimwambia tu kwamba nikimnyang'anya kichwa kile mara ya pili, sijui kama atanisemesha tena. Alinitazama, akapumua.

"Sawa. Ikiharibika, ni yako."

Siku ya wazazi ilikuja na jua kali. Viti vya plastiki viliwekwa chini ya hema, wazee mbele, akina mama na watoto wadogo nyuma. Magunia yetu ya bluu tuliyatandaza upande wa lango, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na nafasi. Darasa la juu liliimba, lingine likakariri, watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeshika vidole vyangu mpaka vinauma. Nilikuwa nimemwambia yule msichana kwamba akitaka kuacha wakati wowote, avue kichwa tu, aje kwangu, hakuna atakayemuuliza. Aliitikia kwa kichwa kuwa amesikia. Kisha akaingia ndani ya kiboko chake.

Watu walipoona lile domo la katoni likitokea, kuna waliocheka na kuna walionong'ona. Mama mmoja mzee alifunika mdomo kwa kiganja. Watoto wakauliza una nini mdomoni. Akajibu ana nyasi mbichi. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilifika. Wakauliza anaenda upande gani.

Akaanza kutembea katikati ya safu mbili. Hatua ndogo, kichwa kikiyumba. Kisha akasimama ghafla.

Nilitazama mbele yake. Mama yake alikuwa amekuja. Alikuwa ameingia langoni kwa kuchelewa, kikapu mkononi, akasimama pale alipopata nafasi ya kuona. Hakujua yale magunia ni kitu gani. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wake, kati ya mtoto wake na ziwa.

Watoto wangu, kwa kudhani amesahau, wakauliza tena kwa pamoja: "Kiboko, kiboko, waenda upande gani?" Niliona mikono yake midogo imekamata kingo za katoni. Nilipiga hatua moja mbele. Mwalimu mkuu naye aliinuka kitini. Nilifikiri, nimemwumiza, nimemwumiza mbele ya watu wote, na mama yake anaona.

Ndani ya katoni ikatoka sauti.

"Mama. Toka hapo."

Mama yake alitazama kushoto, akatazama kulia, halafu akatazama chini, kwenye miguu yake na rangi ya bluu. Nikaona wakati alipoelewa. Mdomo wake ulifunguka kidogo. Kikapu kikateleza hadi kwenye kiwiko. Akakusanya leso yake kwa mkono mmoja, kama mtu anayevuka tope, na akarudi nyuma. Akarudi tena, mpaka akagusa ua. Njia ikawa nyeupe.

"Pita," alisema. "Pita, nyathina. Pita, mwanangu."

"Nipisheni nipite," kiboko akasema, "narudi majini."

Akatembea hadi katikati ya magunia, akajikunja, akalala pale kifudifudi, na kile kichwa kikubwa cha kijivu kikatulia. Watoto wangu wakapunga mikono kama tulivyofanya mazoezi. Makofi yalichelewa. Yalipoanza yalikuwa ya watu wachache, wazee hasa, kisha wengine. Yule mama mzee aliyekuwa amefunika mdomo alikuwa analia waziwazi. Mama wa mtoto aliweka kikapu chini, akaingia kwenye lile ziwa la magunia na viatu vyake, akapiga magoti kando ya mtoto. Sikusikia walichoambiana. Nilienda nyuma ya darasa nikatapika.

Sitaki kusema kwamba mtoto alipona siku ile. Alikaa tena karibu na mlango. Juma lililofuata alijikojolea mara kadhaa, na nikarudi kwenye wasiwasi wangu, nikijiuliza kama nimefungua kitu ambacho siwezi kukifunga. Lakini alianza kuuliza maswali. Aliuliza kwa nini gundi inanuka, kwa nini mimi nasema Kijaluo vibaya, na kama ng'ombe wa kwetu huogelea. Mama yake aliniambia sokoni kwamba lile swali la zamani nalo limerudi nyumbani, na safari hii hakumkataza. Alimjibu kwamba baba hakumwona. Kwamba angemwona, angempisha. "Nilikuwa najua hilo jibu siku zote," aliniambia. "Sijui kwa nini sikulisema."

Muhula mpya ulipofunguliwa, wazazi wapya walikuja na watoto wao, na mimi nikawa na desturi niliyoianzisha bila kumwomba mtu ruhusa. Baada ya jina na umri, namuuliza kila mzazi, "Kuna kitu chochote mtoto wako anaogopa?" Wengi hucheka. Mmoja alisema jogoo. Mwingine alisema mlio wa kinu cha kusagia mahindi, na tukakubaliana tusimpitishe upande huo twendapo matembezi. Halafu akaja mama mmoja kijana, mtoto wake amejificha kwenye sketi yake. Nilipouliza aligeuka akatazama barabarani kwanza, kuhakikisha.

"Baba yake," alisema kwa sauti ya chini.

Nilifunga mlango wa darasa, nikampa mtoto rangi na karatasi mezani kwangu, na nikamvutia mama yake kiti.